Kumtafuta Bwana Shugulikiwa

Maneno niliyoyachoka katika kazi yangu ya ukarani ni mengi, lakini ni moja tu lililowahi kutafutwa ofisini kwa miguu, na mtu aliyetembea tangu alfajiri.

Niliajiriwa Bariadi katika ofisi ya mifugo, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilizaliwa Nkololo na Kisukuma ndiyo lugha niliyonyonya, kwa hiyo nikaongezewa kazi ya pili isiyokuwa na mshahara: ukalimani. Bwana Mifugo akisema Kiswahili mbele ya mkutano, niligeuza. Wazee wakijibu Kisukuma, niligeuza tena. Tukirudi ofisini niliandika muhtasari. Maneno ya watu yalinipitia mara tatu, sikioni, mdomoni na mkononi. Neno likikupitia hivyo kila wiki, mwaka baada ya mwaka, huwa kama kokoto ndani ya kiatu.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi za maofisini kwa sababu nawasikia. Juzi nilikaa saa mbili kwenye benchi la ofisi moja nikisubiri kugongewa muhuri, na kwa kuwa mstaafu hana cha kufanya, nilihesabu. Kijana wa dirishani alisema "kiukweli" mara kumi na nne. "Changamoto" nilifika tisa nikaacha. Mashine ilikuwa na changamoto, mtandao ulikuwa na changamoto, na mwenye funguo za kabati naye alipata changamoto. Nilipouliza ni changamoto gani, nikaambiwa kafiwa na shangazi yake. Nilipouliza muhuri wangu utakuwa tayari lini, kijana alinitazama kwa upole kabisa, akasema, "Mzee, tumelipokea, linafanyiwa kazi."

Hapo nilicheka peke yangu, na watu wa kwenye benchi wakasogea kidogo. Sikuwa namcheka kijana. Nilikuwa nimekutana na mtu wangu wa zamani, amebadili shati tu.

Maana na sisi tulikuwa na yetu. Hakuna aliyesimama kusema bila "ndugu wananchi", na wengine waliitia katikati ya kila sentensi kama mtu anayeweka kigingi ili ng'ombe asitoroke. Kila uamuzi ulipitishwa "kwa kauli moja", hata ule ambao wazee walikuwa wameutolea kauli nane. Na kila kisichokuwapo kilikuwa "mbioni".

Hilo la mbioni ndilo lililonipa aibu yangu ya kwanza. Nilikuwa mgeni kazini. Bwana Mifugo alisema mpango wa kuleta madume bora ya ng'ombe uko mbioni, nami nikageuza neno kwa neno: mpango unakimbia. Wazee wakanong'onezana. Mmoja akainua fimbo na kuuliza, "Unamkimbia nani?" Mwenzake akamjibu kabla yangu: "Si sisi hapa? Umetuona tuko wengi." Mkutano mzima ukacheka na Bwana Mifugo akataka kujua nimewaambia nini. Nikamwambia wamefurahia mpango. Ndivyo nilivyojifunza kwamba mkalimani anaweza kudanganya pande mbili kwa pumzi moja, na si jambo la kujivunia.

Mara nyingine, wakati wa kuhimiza pamba, mgeni mmoja alitangaza kwamba palizi ya mwaka huo ni ya kufa na kupona. Nikageuza. Bibi mmoja aliyekaa mbele akasema taratibu, "Kufa tumeelewa. Kupona ni lini?" Hilo sikulitafsiri kurudi.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mkalimani. Alikuwa mpiga taipu wetu, Bi Zuhura, binti wa mwenye duka la vitambaa pale mjini. Kisukuma hakukijua zaidi ya salamu na bei, lakini Kiswahili alikisikia kama fundi saa anavyosikia saa. Yeye ndiye aliyepiga mihtasari yangu kwenye stensili, na kwa miezi ya mwanzo alipiga nilichoandika bila kusema neno. Siku moja akachomoa karatasi, akaiweka mezani, na kuzungushia kalamu nyekundu mwisho wa maneno saba.

"Soma haya."

Nikasoma: litaangaliwa, itatekelezwa, imezingatiwa, yatafuatiliwa, na mengine ya aina hiyo.

"Yote yanaishia na nini?"

"Na -wa."

"Basi kila ukiona -wa, niulize mimi: na nani? Ukikosa jibu, ujue hukuandika kitu. Umenichosha vidole bure."

Vijana wangu, sijapata darasa fupi kuliko hilo wala la maana kuliko hilo. "Mlango umefungwa." Na nani? "Barua imepotezwa." Na nani? Kiswahili kinakupa silabi moja ndogo ya kumficha mtu mzima, na maofisini tunaipenda silabi hiyo kwa sababu nyuma yake panaenea watu wengi. Nikaanza kuwinda -wa katika mihtasari yangu kama mama anavyowinda chawa. Bi Zuhura mwenyewe alikuwa na ugonjwa wake: kila alichosema alikimalizia kwa "umenipata?", hata akiomba chumvi. Nilimwambia siku moja. Hakusema nami mpaka Jumatatu.

Lakini darasa la kwenye karatasi ni rahisi. Mdomoni niliendelea kuteleza, na kuteleza kwangu kukubwa kulitokea kijiji cha Mwanjilya.

Mwanjilya kilikuwa kijiji kipya, kaya zilizokuwa zimetawanyika zilikuwa zimeletwa pamoja. Watu wakijumuika, na ng'ombe hujumuika, na ng'ombe wakijumuika kupe hufanya sherehe. Josho lao, lile birika la kuogeshea ng'ombe kwa dawa ya kupe, lilikuwa moja, na wakati wa palizi likapata ufa. Dawa ilinyonywa na ardhi usiku mmoja. Ndama wakaanza kuvimba tezi chini ya masikio, kupumua kwa shida na kulala. Ndigana hiyo, homa iletwayo na kupe. Ng'ombe wakubwa wa kwetu huivumilia mara nyingi. Ndama hawaivumilii.

Bwana Mifugo wetu wakati huo aliitwa Bwana Mhina, mtu wa Korogwe. Nataka mwelewe kwamba hakuwa mvivu wala mtu mbaya. Alikuwa na vidole vya kujua: akipapasa shingo ya ndama mara moja aliweza kukuambia kama atafika Ijumaa. Lakini akisimama mbele ya mkutano alivaa Kiswahili cha ofisini kama koti, na koti hilo lilikuwa na mfuko mmoja tu, uliojaa "linashughulikiwa". Barabara linashughulikiwa. Madume linashughulikiwa. Ngeli zilimshinda kwa haraka ya kulitoa.

Siku ya mkutano alisimama mwanamke mmoja, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Alikuwa Nyanzobe, mjane, na watu walimwita mayu, yaani mama, kwa heshima. Mumewe alipofariki ndugu waligawana ng'ombe, yeye akabaki na majike wachache. Kwa miaka kadhaa alikuwa amewalea, na mwaka huo walikuwa wamezaa ndama watano, wanne wa kike. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa maana ya mitamba wanne. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kurudi kuwa mtu mwenye zizi.

"Josho letu limepasuka," alisema kwa Kisukuma. "Sitaki maneno mengi. Nani anakuja kulitengeneza?"

Nikamgeuzia Bwana Mhina. Akajifuta jasho. "Mwambie suala hilo linashughulikiwa."

Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa, na ilikuwa mara ya tisa siku hiyo kulisikia. Nikafanya kosa ambalo mkalimani hulifanya akichoka: nikaliacha neno lilivyo. Nikasema kwa Kisukuma, "Anasema, hilo," kisha nikalitupa pale kwa Kiswahili chake, "linashughulikiwa."

Mayu Nyanzobe akaitikia kwa kichwa polepole, akalirudia kimya kimya kwa midomo yake. "Wabeja," akashukuru, akaketi.

Nilishangaa jinsi alivyoridhika upesi. Kwenye muhtasari niliandika kwamba swali lilijibiwa. Bi Zuhura alikuwa na mafua siku hiyo, akalipiga lile "lilijibiwa" bila kuliona.

Zikapita wiki tano au sita. Mvua zilikuwa zinaelekea kukoma. Asubuhi moja, kabla chai haijachemka, akaingia mwanamke ameshika viatu mkononi, miguu ina tope hadi magotini. Nilimtambua.

"Wangaluka, ng'wanawane." Habari za asubuhi, mwanangu.

"Wangaluka, mayu. Karibu."

"Nimekuja kumwona Shugulikiwa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nani, mayu?"

"Shugulikiwa. Mtu wa josho." Akanitazama kama mtu anayeanza kutilia shaka akili yangu. "Si wewe uliyetutajia jina lake mkutanoni?"

Kwa asiyejua Kisukuma, nieleze. Jina, kwetu, ni *lina*. Yeye aliuliza nani anakuja, nami nikamjibu: lina, Shughulikiwa. Jina lake, Shughulikiwa. Aliuliza swali la mtu, akapewa jibu la mtu. Hakukosea hata kidogo. Aliyekosea alikuwa amekaa mbele yake ameshika kalamu.

Doto, tarishi wetu, aliyekuwa anajua lugha zote mbili, alilipata kabla yangu. Akaegemea kabati la mafaili akacheka mpaka droo ikafunguka. "Mwambie Bwana Shugulikiwa yuko likizo!" alisema. "Mwambie kahamishiwa Shinyanga!" Bwana Mhina akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini. Doto akamweleza, na Bwana Mhina naye akacheka, akajipiga paja.

Mayu Nyanzobe aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kugusa msiba wa watu:

"Mbona wanacheka? Amefariki?"

Taipu ilinyamaza. Bi Zuhura alikuwa hajacheka. "Anasemaje?" aliniuliza.

Nikamgeuzia. Kisha mayu akaendelea na nikaendelea kugeuza, maana nilikuwa nimezoea na sikujua cha kufanya kingine. Alisema ndama wawili wamekwisha kufa. Alisema kaka yake anakaa Lalago, na josho la kule ni zima, dawa ipo. Kaka alimtumia ujumbe mara mbili kwamba alete ndama wakae kwake mpaka mvua zikome. Mara zote mbili alikataa.

"Nilimwambia, subiri kwanza. Huku wametupatia mtu. Mpaka jina lake tunalijua. Nitaonekanaje nikiondoa ndama halafu mtu wa watu anafika anakuta zizi tupu? Asubuhi nikiamka nilifagia pale josho lilipo, asije akakuta uchafu." Akaviweka viatu chini. "Sasa wamebaki dume mmoja na mitamba wawili, na mmoja juzi ameanza kukohoa. Nimeona nimfuate mwenyewe. Labda hakuijua njia."

Doto aliifunga droo. Nilimaliza kugeuza. Bwana Mhina alikohoa.

"Mwambie," alianza, "suala lake lina…"

Akaishia hapo. Nilimwona akilitazama neno lenyewe, kama mtu aliyekwisha kuinua mguu akaona chini kuna nyoka.

"Mwambie ukweli," Bi Zuhura aliniambia. "Na usimpambie. Umenipata?"

Mimi nilikuwa karani wa daraja la chini, na mkubwa wangu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka nilipokaa. Kumwambia mwananchi kwamba ofisi haina kitu lilikuwa kosa, na watu walikuwa wamehamishwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikamgeukia yule mama na kusema kwa Kisukuma kisichokuwa na neno hata moja la kuazima:

"Mayu, hakuna mtu mwenye jina hilo. Lilikuwa neno la kusema kwamba hakuna aliyeanza. Saruji haipo. Dawa ya kujaza josho haipo. Sijui vitakuja lini. Hata leo hakuna anayekuja."

Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Hakunitukana.

"Kumbe," alisema. "Kama hayupo, si mngesema hayupo. Ningekuwa nimekwisha kuwapeleka Lalago."

Akainama kuchukua viatu vyake.

"Umemwambia nini?" Bwana Mhina aliniuliza.

"Nimemtafsiria, bwana," nikasema. "Kwa kuchelewa."

Sasa kulikuwa na jambo lingine. Kuhamisha ng'ombe kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali, na bila kibali angerudishwa njiani. Nikamweleza Bwana Mhina kwamba mama anahitaji kuondoka na ndama watatu kesho, kwenda kwa kaka yake. Alikubali kwa kichwa, akageuka kurudi chumbani kwake, huku akisema kwa mazoea, bila ubaya wowote:

"Sawa. Kibali kitatolewa."

"Na nani, Bwana Mhina?"

Bi Zuhura hakupandisha sauti. Alikuwa ameshaingiza karatasi na kaboni kwenye taipu, vidole vyake viko juu ya herufi, vinasubiri. Bwana Mhina alisimama mlangoni ametupa mgongo. Kisha akarudi, akavuta kiti kando yangu, akaketi, akanyoosha mkono kuomba kalamu.

"Na mimi," alisema. "Piga. Natia sahihi sasa hivi."

Alipomaliza aliingia stoo mwenyewe, akatoka na kopo la dawa ya kupe lililobaki robo. Akamwonyesha mama jinsi ya kuichanganya na maji na kupaka kwa kitambaa: ndani ya sikio, chini ya mkia, kwenye kinena, halafu unawe mikono. Nilikuwa nikigeuza, na nikagundua kazi imekuwa nyepesi. "Nakupa hii. Utapaka hapa, na hapa. Yule anayekohoa mtembeze polepole, mpumzishe mchana." Kila sentensi ilikuwa na mwenyewe. Zilipita mdomoni mwangu kama maji.

Mambo ya kazi hayaishi vizuri yote, na sitaki kuwadanganya. Ndama aliyekuwa anakohoa alikufa njiani, kabla ya Lalago. Dume na mtamba mmoja walifika. Mitamba watatu kati ya wanne walikufa kwa sababu ya neno moja nililoona uvivu kuligeuza. Hesabu hiyo naijua na sijaitafutia kisingizio. Njaa ilikuwapo, jua lilikuwapo, lakini aliyesema ni mimi.

Josho la Mwanjilya lilitengenezwa kiangazi kilichofuata. Naona kalamu nyekundu ya Bi Zuhura inakuja, kwa hiyo nisahihishe: wanakijiji walichimba na kubeba mawe, Bwana Mhina akaleta saruji aliyoiomba kwa idara ya ujenzi, na fundi kutoka Maswa akaliziba. Jina la Shugulikiwa lilimganda Bwana Mhina vijiji vyote. Watoto waliliita wakiona gari letu. Alikuwa akijua, na baadaye alianza kuitika. Mikutanoni, neno lenyewe likimfika kooni, alinitazama kwanza. Nami tangu siku ile nilijiwekea utaratibu: mtu akinipa neno lililochoka, simgeuzii. Namuuliza kwa sauti ya chini, "Maana yake nani atafanya nini?" Wengine walinichukia kwa hilo. Wengi walikuwa hawajui jibu, wakaamua kuketi, na mikutano yetu ikawa mifupi.

Ninyi endeleeni na kiukweli yenu, haiui mtu. Mke wangu ananiambia mimi nasema "kwa ufupi" kabla ya kila hadithi ndefu, na labda ni kweli. Maneno ya kuudhi yapo mengi na mengi ni vumbi tu, unapangusa unaendelea. Lakini yapo machache ambayo mtu anaweza kuyabeba nyumbani, akayafagilia mahali na kuyasubiri. Hayo yajueni.

Miaka kadhaa baadaye nilipita Mwanjilya kuandikisha mifugo. Mayu Nyanzobe alinikaribisha maziwa. Zizi lake lilikuwa dogo lakini lilikuwa zizi. Nilikuwa na daftari magotini nikiuliza idadi, akaniambia nisubiri kwanza, akasimama mlangoni, akaweka kiganja kinywani na kuita kwa sauti ndefu:

"Shugulikiwa! Shugulikiwa eee!"

Nilidhani ananitania. Kisha kule kwenye majani, jike mmoja mwekundu mwenye paji jeupe akainua kichwa. Akaja bila haraka, ndama wake nyuma, mpaka akafika na kuweka pua kwenye mkono wa mwenyewe. Alikuwa yule mtamba wa Lalago.

Mayu alimkuna chini ya sikio, pale kwenye tezi, kisha akanitazama.

"Huyu wangu," alisema, "ukimwita, anakuja."